Je, Wajua? Msimbo Nao Una Tahajia Yake

Je, wajua kwamba jina Cyangugu na jina Kigali huanza kwa sauti moja mdomoni? Kwa kanuni za tahajia ya Kinyarwanda za mwaka 2014, cy huandikwa kabla ya irabu a, o na u; kabla ya i na e huandikwa k. Kanuni ya namna hii mashine huiweza vizuri sana: ikikuta cy imefuatwa na i, inatia alama. Maana ya neno haihitaji kuijua.

Je, wajua kwamba msimbo wa programu za kompyuta hukaguliwa vivyo hivyo? Mwaka 1978 Stephen C. Johnson wa Bell Labs, Marekani, aliunda lint, programu ya kusaka mambo ya kutilia shaka katika lugha ya C. Jina lake ni vile vinyuzi vinavyong'ang'ania nguo. Ukaguzi wa mtindo ulifuata baadaye.

Lugha ya Python ina mwongozo wake wa mtindo, PEP 8, wa mwaka 2001: mstari usizidi herufi 79, na kila ngazi iingie ndani nafasi 4.

Sasa mchukue kijana wa Kamembe, Rwanda, anayepiga hesabu ya mzigo unaovuka mpaka kwenda Bukavu. Katika programu yake ya Python anaandika mstari jumla=bei+nauli. Programu inafanya kazi, jibu ni sahihi. Lakini pycodestyle, programu ya bure ya kukagua mtindo huo, inamwambia: mstari huo, herufi ya 6, E225, yaani alama ya = haina nafasi kando yake. Ni jambo dogo, naam, ila atakayeusoma msimbo huo mwakani atashukuru.

Je, wajua kwamba mpangilio wa mistari huweza kuficha hatari? Februari 2014 Apple ilirekebisha kosa kubwa la usalama: mstari "goto fail;" ulikuwa umeandikwa mara mbili. Ule wa pili ulijongezwa ndani kana kwamba uko chini ya sharti, kumbe haukuwemo, na uhakiki wa mawasiliano ukarukwa. Kanuni ya kulazimisha mabano kuzunguka mistari iliyo chini ya sharti ingeuweka wazi.

Lugha ya Go haikulalamikii mpangilio: programu yake gofmt huupanga yenyewe.

Msomaji, ukijifunza kuandika programu, weka kikaguzi tangu siku ya kwanza. Ila ukikosea ukaandika jumla = bei - nauli, kitaupitisha mstari huo bila neno. Hesabu ihakiki mwenyewe.