Madoa ya Kutu Kwenye Gari Yatolewe Kabla ya Mvua za Novemba

Wenye magari Matinyani wakiona vitone vyekundu-vyekundu kwenye boneti hudhani bodi imeoza. Mara nyingi sivyo. Gari likiegeshwa karibu na fundi wa kuchomelea, chembe za chuma anachosaga hurukia rangi, na mvua ikinyesha ni chembe hizo zinazoota kutu. Ukipitisha kidole, zinakwaruza. Hutolewa kwa maji ya sabuni na udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari. Waya wa kusugulia sufuria usitumike: huacha vipande vyake, navyo pia huota kutu.

Pale ambapo kokoto za barabara za murramu zimebandua rangi hadi kwenye bati, kazi ni nyingine. Osha, kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha upake praima siku hiyohiyo, halafu rangi. Fundi mwenye haraka hupenda kupaka juu ya kutu. Gari litapendeza kwa muda, huku bati likiliwa chini kwa chini hadi litoboke, na hapo ni kukata na kuchomelea.

Msimu wa mvua, matope yaliyoganda ndani ya madigadi yaoshwe mara kwa mara, kwani hushika unyevu.