Kiingereza hukwama kooni, si kichwani

Kijana ametoka Masimba, akapitia Keroka kwa matatu hadi Chuo Kikuu cha Kisii. Leo ameitwa mbele kuwasilisha kazi ya kikundi. Amesoma. Jana usiku, hostelini, aliwaeleza wenzake mada hiyo hiyo bila kubabaika. Sasa karatasi inatetemeka mkononi, mate yamemkauka, na neno "parallel" linamtoka likiwa na r tupu. Mtu anacheka nyuma. Sentensi inayofuata haionekani tena.

Hiyo r ina sababu yake. Ekegusii, lugha yake ya nyumbani, haina sauti ya l, na hata shule ilipoingia vijijini iliitwa esukuru. Ni habari ya ulimi, wala si ya akili. Lakini Kenya tumeitungia dhihaka, "kushrabu", na dhihaka hiyo huleta madhara zaidi kuliko r yenyewe.

Ubongo huichukulia aibu mbele ya watu kama hatari. Amigdala, sehemu ndogo yenye umbo la lozi, hupiga kengele. Adrenalini humwagika, moyo huenda mbio. Wakati huo huo wasiwasi hula nafasi ya kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoushika mwanzo wa sentensi huku ukiutafuta mwisho wake. Lugha ya nyumbani hujiendea yenyewe. Kiingereza cha darasani huhitaji nafasi hiyo yote. Ndiyo maana aliyejua jana anaonekana hajui leo.

Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake huko Texas walitunga dodoso la kauli 33 la kupima hofu hii ya lugha ya kigeni darasani. Mwaka 1990 Peter Salovey na John Mayer wakaeleza akili ya hisia: uwezo wa kutambua hisia zako na za wengine, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Jean-Marc Dewaele na wenzake waliziunganisha hoja hizo mwaka 2008 kwa watu 464 wanaojua lugha kadhaa: wenye akili ya hisia ya juu walikuwa na hofu ndogo. Tahadhari: watu hao walijipima wenyewe, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kipi kilichosababisha kingine.

Kwa Abagusii, wenye lugha ya Ekegusii, kuna jambo la ziada. Chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya vizazi, humlea mtoto asimkodolee mkubwa macho. Robert LeVine, Mmarekani aliyeanza utafiti Gusii miaka ya 1950, aliandika mengi juu yake. Mimi siihesabu kuwa kasoro hata kidogo. Ila mhadhiri asiyeijua huona macho yaliyoinama akadhani kijana hakujiandaa. Kwa hiyo akili ya hisia haimhusu mwanafunzi peke yake.

Kuituliza hofu kunafundishika. Mwaka 2007 Matthew Lieberman wa Los Angeles alionyesha kwamba mtu akiitaja kwa maneno hisia anayoiona usoni pa mwingine, amigdala yake hutulia. Basi kabla ya kusimama, kijana ajaribu kujiambia, kwa Ekegusii au Kiswahili: naogopa kuchekwa. Avute pumzi, aitoe polepole. Azungumze kwanza mbele ya wawili, kisha watano, ndipo darasa zima.

Wahadhiri, katazeni kicheko siku ya kwanza ya muhula. Nawe uliyekaa nyuma, mwenzako akitamka r mahali pa l, msikilize mpaka amalize.