Methali ni Mfano: Tuitumie kwa Uangalifu

Ni nadra kikao cha ukoo huku Kibosho, Marangu au Rombo kumalizika bila mzee mmoja kusema, "Wahenga walisema..." Baada ya hapo wengi hunyamaza, kana kwamba shauri limekwisha. Katika makala hii tunaeleza maana ya neno methali, na kwa nini maana hiyo inatudai uangalifu.

Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, ambako mathal ni mfano, kitu kinachofanana na kingine. Ndugu zake tunawatumia kila siku: mithili, mathalani, na tamthilia, yaani mchezo unaoigiza maisha. Katika Kiebrania neno la asili hiyo hiyo ni mashal, nalo ndilo lililokipa jina Kitabu cha Methali, ambacho baadhi ya Biblia za Kiswahili hukiita Mithali. Na katika Luka 4:23, Yesu anapotaja usemi wa tabibu kujiponya mwenyewe, Injili ya Kigiriki inauita parabole, neno lile lile inalotumia kwa mfano wa mpanzi.

Basi methali ina pande mbili: picha, na jambo linalofananishwa nayo. Anayesema "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" hazungumzii kitanda. Picha isipolingana na jambo, methali imewekwa mahali pasipo pake. Ndiyo maana tumeachiwa "Haraka haraka haina baraka" na pia "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako." Ya kwanza inamfaa anayenunua shamba kabla ya kuuliza mipaka. Ya pili inamfaa mwenye mgonjwa anayesubiri kesho ndipo ampeleke hospitali. Ukizibadilisha, zote mbili zitaleta hasara.

Sisi wa mlimani tunalifahamu hilo kwa isale. Likipandwa pembeni mwa kihamba, linaonyesha mpaka. Likishikwa mkononi na aliyekosa, linaomba msamaha. Jani ni lile lile, lakini maana yake hutegemea mahali na shughuli.

Jambo hili lina uzito hasa shauri linapohusu kihamba chenyewe. Kihamba ni nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Kwa desturi ya Wachaga hurithiwa na watoto wa kiume, na mara nyingi kifungua mimba na kitinda mimba hufikiriwa kwanza. Desemba, ndugu wanapopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha kwa ajili ya Noeli, ndipo mashauri ya namna hii huzungumzwa. Tuchukue mfano wa binti aliyewauguza wazazi wake hadi mwisho, naye akaomba sehemu ya kihamba. Akijibiwa, "Mwacha mila ni mtumwa," atasema nini tena?

Hapo ndipo tunapaswa kurudi kwenye maana ya neno. Methali hiyo inamhusu aliyeyatupa ya kwao. Je, binti huyu ameyatupa? Yeye ndiye aliyebaki kupalilia migomba na kufagia makaburi. Picha na jambo havifanani, kwa hiyo methali haijamjibu, imemnyamazisha tu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Kwa sisi tunaohubiri, kufundisha au kusuluhisha, maswali matatu yanatosha kabla ya kutamka methali. Picha yake ni ipi? Jambo lililo mbele yetu ni lipi? Yanafanana wapi? Tukishaitamka, tumwachie nafasi anayeambiwa ajibu, hata kwa methali nyingine. Wahenga wenyewe walijibizana hivyo, na ndiyo sababu methali zetu ni nyingi.