Mboga za Kukhu haziuzwi

Ploti yetu hapa Kitale ina vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, bomba moja la maji, na ua uliomwagwa saruji ukuta hadi ukuta. Miaka mingi ua huo ulikuwa wa kamba za nguo na povu la sabuni, na sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya kugombania zamu ya kufagia.

Kisha akahamia Kukhu. Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, na ndivyo anavyoitwa na ploti nzima, awe Mkisii au Mturkana anayemwita. Alitoka upande wa Chwele, Bungoma, kuja kukaa na mwanawe, na katika ncha ya leso alikuwa amefunga mbegu za murere, ule mrenda tunaoujua sote. Aliuangalia ua, akauliza mgeni akija ghafla hapa huwa anapikiwa nini.

Wiki hiyo hiyo aliomba gunia kuukuu. Alisimamisha mkebe usio na kitako katikati, akaujaza mawe, akauzungushia udongo uliochanganywa na mbolea ya kuku, kisha akauvuta mkebe juu kidogo na kurudia, mpaka gunia likajaa na nguzo ya mawe ikabaki ndani. Maji yanayomwagwa juu hushuka kwa mawe hayo na kufika chini. Ubavuni alitoboa matundu akapanda sukuma, na juu akamwaga mbegu za murere na kunde. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaliyokuwa yakienda mtaroni sasa yalikuwa na kazi. Vidukari vilipotokea, alivinyunyizia jivu.

Kwa mji huu si jambo geni. Karibu na Kitale kipo Kituo cha Kilimo cha Manor House, ambacho tangu 1984 kimefundisha wakulima wadogo kuchimba tuta mara mbili, kina cha sentimita 60 hivi, ili kipande kidogo kizae sana. Lakini Kukhu hakupitia darasa hilo, na sisi hatukuwa na udongo wa kuchimba.

Jambo lililotubadilisha ni sheria yake ya kuchuma. Sokoni Chwele mboga hizo hizo huuzwa kwa mafungu, na Kukhu mwenyewe aliwahi kuziuza. Za mlangoni ni nyingine. Mwenye mgeni humwita Kukhu, husema anachuma, huchuma za sufuria moja tu, basi. Ukimpa pesa hukasirika kweli kweli. Ukimletea maganda ya ndizi au ndoo ya maji hupokea kwa mikono miwili.

Kuchuma huko kulituketisha pamoja, kwa sababu mrenda hautaki haraka. Lazima mtu akae achambue. Kukhu alitufundisha kuuchanganya na majani ya kunde, yaani likhubi, na kuulainisha kwa musherekha: maganda ya maharagwe huchomwa, jivu likawekwa kwenye mkebe wenye matundu, maji yakapitishwa polepole. Jirani Mkisii akataka mnavu upandwe pia, akauita rinagu. Mluo akasema kwao ni osuga, Mkikuyu akasema managu. Kaunti yetu ya Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru watu walihamia kutoka kila upande, kwa hiyo ploti moja hukusanya lugha nyingi hivi. Tulikuwa tumeishi ukuta kwa ukuta bila kujua kwamba tunakula jani moja.

Watoto ndio walionigusa zaidi. Wabukusu humpa mtoto jina la msimu aliozaliwa: Nafula wa mvua, Naliaka wa palizi, Nekesa wa mavuno, Wanjala wa ile miezi ambayo ghala limekwisha na mahindi mapya hayajakomaa. Uani petu majina hayo yapo, lakini yalikuwa majina tu ya daftari la shule. Siku binti wa miaka saba alipong'oa magugu kwenye gunia, Kukhu alimwambia, “Hiyo ndiyo naliaka, mwanangu. Unafanya jina lako.” Mtoto alikimbia kwa mama yake kumwambia.

Agosti 2024, mwaka wa tohara kwa Wabukusu, kijana alikuja akicheza na kupiga kengele za chinyimba kumwalika mjomba wake anayeishi chumba cha nne. Ua ulihitajika. Magunia, ambayo sasa yalikuwa mengi, yote yalisukumwa ukutani, na waliosukuma wengi hawakuwa Wabukusu.

Mwenye ploti alipoyaona aliagiza yaondolewe, akihofia saruji yake. Vyumba vyote kumi na viwili vilituma mtu kwenda kumwona, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya hata bomba lilipokauka. Alikubali, mradi kila gunia likae juu ya matofali ili maji yasituame.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba mboga hizi tulizozidharau kama magugu ni chakula bora. Elimu hiyo tunayo. Kinachopungua ni mahali pa kupandia. Ninyi wenye ploti wa Kitale na Bungoma, mnapomwaga saruji uani, bakizeni kona moja ya udongo karibu na bomba.