Fuwele Inayotiririka: Istilahi za Kiswahili na Ufundishaji wa Fizikia ya Tando Nyembamba Jijini Juba

1.0 Utangulizi

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili kimepata wajibu mpya jijini Juba, kando ya Kiingereza na Kiarabu cha Juba. Makala hii inajenga hoja kwamba istilahi ya sayansi hupimwa kwa kile inachomwezesha mwanafunzi kukitabiri. Mfano wetu ni mtiririko katika tando nyembamba za fuwele kimiminika.

2.0 Tatizo la Jina

Neno fuwele huleta picha ya chumvi au almasi, yaani kitu kigumu. Kwa hiyo, fuwele kimiminika husikika kama ukinzani. Hata hivyo, mwaka 1888 Friedrich Reinitzer alichunguza kampaundi ya kolesteroli iliyoyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145 hivi za Selsiasi ilikuwa kimiminika chenye ukungu, na kwenye nyuzi 178 hivi ikawa angavu. Kati ya vipimo hivyo, molekuli husogea lakini hudumisha mpangilio. Sifa bainifu hapa ni mpangilio, wala si ugumu. Fasili ya kamusi haina budi kuanzia hapo.

Mwaka 1922 Georges Friedel aliita aina mojawapo simektiki, kutokana na neno la Kigiriki lihusulo sabuni. Jina hilo halimwambii kitu mwanafunzi wa Juba. Tunapendekeza fuwele kimiminika ya matabaka. Neno tabaka lina asili ya Kiarabu, hivyo si geni kwa msemaji wa mji huo.

3.0 Jina na Mtiririko

Tufikirie mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Molekuli hutiririka kwa urahisi ndani ya tabaka lake, lenye unene wa nanomita 3 hivi, lakini huvuka kwenda tabaka jingine kwa shida. Utando uliowambwa kwenye fremu, mfano wa kiputo cha sabuni, unaweza kuwa na matabaka mawili tu. Mtiririko wake basi una urefu na upana, bila kina.

Matokeo yake ni ya ajabu. Ndani ya kimiminika cha kawaida, tufe dogo linaloongezwa nusukipenyo mara mbili hupata ukinzani mara mbili. Saffman na Delbrück walionyesha mwaka 1975 kuwa ndani ya utando mwembamba ukinzani hubadilika kidogo tu, kwa kadiri ya logi. Ndiyo maana protini kubwa na ndogo hazitofautiani sana kwa mwendo ndani ya utando wa seli, ambao nao ni matabaka mawili ya lipidi.

4.0 Hitimisho

Mwanafunzi aliyepewa neno matabaka amekwisha kupewa nusu ya maelezo. Aliyepewa simektiki atakariri. Inapendekezwa kwamba walimu wa fizikia na wa Kiswahili jijini Juba waandae kwa pamoja faharasa ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na kila istilahi ijaribiwe darasani kabla ya kuchapishwa.