Gari la Zamani Mombasa: Chungulia Chini Kabla ya Kusoma Mita

Mita ya gari ikipita kilomita 200,000, mwenye gari wa Mombasa huanza kusikia shauri moja kila upande: liuze kabla halijakufilisi. Shauri hilo lina kasoro, kwa kuwa linadhani kitakachokuja badala yake ni gari jipya. Kwa familia nyingi za Mji wa Kale, Majengo au Tudor, litakuwa gari lililotumika Japani na kuteremshwa Kilindini, ambalo Kenya huliruhusu kuingia likiwa na umri usiozidi miaka 8. Japani hulazimisha gari la abiria likaguliwe miaka 3 baada ya kusajiliwa mara ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwasukuma wengi kuliuza. Maana yake, gari la yadi lina mwenyewe aliyewahi kujiuliza swali hilihili lako, akaamua kuachana nalo. Kwa hiyo unachagua kati ya kuukuu unayoijua na kuukuu usiyoijua.

Hiyo usiyoijua ni ghali. Tuchukue gari dogo ambalo forodha imelithamini shilingi 500,000. Ushuru wa forodha, uliopandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023, ni shilingi 175,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 hutozwa juu ya jumla hiyo, yaani shilingi 135,000 zaidi, kisha VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya vyote, shilingi 129,600. Kodi hizo tatu ni shilingi 439,600, na bado kuna tozo nyingine, gharama za bandari na faida ya mwenye yadi. Ndiyo sababu sikubaliani na kanuni ya mitaani kwamba gharama ya matengenezo ikizidi bei ya kuliuza gari, basi gari limekwisha. Bei ya kuliuza haikupatii gari lingine. Kinachofaa kulinganishwa na bili ya fundi ni pesa utakazoongeza juu ya bei hiyo ili upate gari lingine, na hizo mara nyingi ni mamia ya maelfu.

Kilomita zenyewe hazilingani. Safari ya Nairobi, karibu kilomita 480, huendeshwa kwa mwendo wa kutulia, oili ikiwa na joto lake na breki zikiguswa kwa nadra. Gari lisilotoka kisiwani hukanyagwa klachi na breki kutwa nzima kwenye foleni ya Digo Road, AC ikinguruma na injini ikizunguka huku mita haisogei. Linaweza kusoma nusu ya kilomita za mwenzake na kuwa limechoka zaidi. Oili inayopungua bila kuvuja, moshi wa buluu, gia zinazoteleza: hivyo ndivyo vya kuulizwa.

Lakini adui mkubwa hapa ni bahari. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi ikichanganyika na unyevu huharakisha kutu. Injini iliyochoka inaweza kubadilishwa kwa nyingine iliyotumika, gia vilevile. Chesisi iliyolika ni habari nyingine. Kuichomelea viraka hapa na pale hakuirudishii nguvu yake. Gari lioshwe chini pia, si bodi tu, na fundi aangalie matao ya magurudumu, sakafu chini ya mazulia, mabomba ya breki na pale shoki zinapofungwa. Hapo kukiwa kumeoza, liachwe hata kama injini inalia vizuri.

Watu husema gari kuukuu ni hatari na humwangusha mtu njiani. Hoja hiyo ina uzito. Gari lisilo na mifuko ya hewa halifai kubebea watoto barabara kuu kila wiki, na hapo mimi mwenyewe ningesema libadilishwe. Na dereva wa teksi ahesabu siku ambazo gari hulala gereji, kwani kila moja ni mapato yaliyopotea. Ila hatari haihami kwa kuhamisha kadi ya gari. Magari ya kaskazini ya Japani hupita majira ya baridi kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, na kutu hiyo inaweza kufichwa kwa rangi nyeusi chini ya bodi inayong'aa. Kwa hivyo fundi aliyelikagua gari lako alipwe alikague na la yadi, kabla ya kutoa amana. Muuzaji akikataa lisipandishwe jeki, hakuna bei ya kujadili naye.