Mtoto Hatulii: Ni Ugonjwa au ni Hofu?

Akina mama wengi tumewahi kuitwa shuleni tukaambiwa, "Mwanao hatulii." Hasikilizi, hamalizi kazi, akiguswa kidogo anarusha ngumi. Kwa wenzetu wa Marekani mtoto wa namna hiyo hupelekwa kwa daktari, na huenda akarudi na jina la ugonjwa: ADHD, yaani kasoro ya kukosa umakini na utulivu.

Mwaka 2007 Dk. Nadine Burke Harris, daktari wa watoto, alifungua kliniki Bayview Hunters Point, mtaa wa watu maskini jijini San Francisco. Aliletewa watoto wengi waliodhaniwa kuwa na ADHD. Alipowapima na kuuliza kwa makini habari za maisha yao, aliona kwamba kwa wengi ugonjwa huo hauthibitiki. Walikuwa wamepatwa na mambo ya kutisha.

Tukikutana na nyoka njiani, moyo hwenda mbio na macho hayabanduki kwake. Akishapita, mwili hutulia. Je, nyoka akiwa anaishi nyumbani? Mtoto anayesikia mama akipigwa kila usiku hapati nafasi ya kutulia. Darasani mlango ukilia, ameshageuka. Mwalimu husema hana umakini. Kumbe anao, ila wote uko mlangoni!

Tusielewane vibaya. ADHD ipo kweli, mara nyingi hurithiwa, na dawa huwasaidia wengi. Wapo hata watoto wenye yote mawili. Lakini dalili za ADHD huanza utotoni, kabla ya miaka 12, na huonekana nyumbani na shuleni pia. Mtoto aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla baada ya msiba, au tangu ndugu fulani ahamie kwenu. Anayeshtuka usingizini au kuanza tena kukojoa kitandani, huyo aulizwe kwa upole, bila fimbo.

Daktari naye aambiwe lini mabadiliko yalianza na nini kilitokea nyumbani. Twajua ugumu wake, maana tulipofundwa tuliambiwa siri ya nyumba haitoki nje. Lakini asipoambiwa, atatibu anachokiona tu. Mama aombe kwanza kuzungumza naye faragha, mtoto akisubiri nje na shangazi au mtu mwingine anayemwamini.